Zanzibar Wakati wa Masika

Kila mtu anataka kwenda Zanzibar Desemba. Mhariri wetu alikwenda Aprili, mvua ikinyesha, akiwa na mumewe, begi moja na swali moja zito ambalo lilitakiwa kujibiwa kabla ya Mei 5.

Ukimwambia mtu wa Arusha kwamba unakwenda Zanzibar mwezi wa nne, atakuangalia kama vile umemwambia unapanda Mlima Meru na kandambili. "Masika hii? Mnaenda kuogelea barabarani?" Ndivyo alivyoniuliza jirani yangu pale Levolosi siku namwachia ufunguo wa nyumba. Nilicheka, lakini kwa kweli sikuwa na jibu la kumpa. Nje matope yalikuwa hadi kwenye vifundo vya miguu, Mlima Meru ulikuwa umejificha wiki nzima nyuma ya mawingu, na mimi nilikuwa naondoka kwenye mvua kwenda kwenye mvua nyingine.

Mpenzi msomaji, naomba nikueleze ilikuwaje, maana huenda na wewe una safari kama hii unaiahirisha kila mwaka.

Ndoa yenye misimu

Kama hukai Arusha inabidi nikufafanulie. Mtaani kwetu, kila nyumba ya pili au ya tatu kuna mtu anayekula kwa utalii. Kuna dereva, kuna mpishi wa kambi, kuna fundi wa magari ya safari, kuna dada anayejibu simu kwenye ofisi za watalii mjini. Mume wangu ni dereva na mwongoza watalii. Kwa hiyo ndoa yetu haiendi kwa kalenda ya kawaida, inaenda kwa misimu.

Kuanzia Juni hadi Oktoba nyumbu wanaelekea kaskazini mwa Serengeti, na yeye yuko huko huko. Desemba watalii wanakuja kwa sikukuu, halafu Januari na Februari nyumbu wanazaa kule Ndutu, na yeye yuko Ndutu. Anarudi nyumbani usiku, nguo zinafuliwa, analala, kesho kutwa amepata wageni wengine. Mtoto wetu alipokuwa na miaka miwili alikuwa anamwita "anko wa gari".

Halafu inakuja masika. Barabara za mbugani zenye udongo mweusi zinageuka kuwa uji, kambi nyingi zinafungwa, wageni wanakwisha. Watu wa utalii wanasema "sasa hivi ni lo". Mume anarudi nyumbani na anakaa. Tatizo ni kwamba akija yeye, hela inaondoka. Dereva wengi wanalipwa kwa safari, na tegemeo kubwa ni bakshishi. Hakuna safari, hakuna kitu. Yaani miezi ambayo tuna fedha hatuna muda, na miezi ambayo tuna muda hatuna fedha.

Tulifunga ndoa 2018 na tukaahirisha fungate hadi mwaka uliofuata. Mwaka uliofuata mtoto akaja. Halafu ikaja 2020 na korona. Watalii wa kigeni Tanzania walishuka kutoka milioni 1 na nusu mwaka 2019 hadi laki 6 na ushee mwaka huo. Kwa wengine hizo ni takwimu za gazetini. Kwetu zilikuwa mume aliyekaa kwenye kochi miezi mingi, akiangalia simu ambayo haiiti.

Sasa Machi 2025 kampuni moja yenye kambi ikampa ofa ya kuwa meneja wa kambi. Mshahara kila mwezi, miezi 12, na bima ya afya kwa familia. Niliposikia nilipiga vigelegele. Kisha akanisomea sharti. Aprili na Mei kambi inapofungwa ndio wakati wa ukarabati, na meneja lazima awepo asimamie mafundi. Likizo yake ingekuwa wiki 2, mwezi wa Novemba. Jibu walilitaka Mei 5.

Baada ya hapo tukaanza kuwa wastaarabu kupita kiasi ndani ya nyumba. "Umekula?" "Nimekula." "Nikuletee chai?" "Asante." Kila mmoja anamsubiri mwenzake aseme. Wenye ndoa mnajua ukimya wa namna hiyo. Hakuna aliyekosewa, lakini mkikaa mezani kijiko kinasikika kikigonga kikombe.

Ndipo nikasema, twende Zanzibar. Kwa akiba ndogo tuliyonayo, kabla ya tarehe 5. Akaniangalia. "Masika hii?" Na yeye pia!

Boti ya asubuhi

Mtoto tukampeleka kwa bibi yake Tengeru, tukapanda basi alfajiri ya Alhamisi, Aprili 24. Ndege ya kutoka Arusha kwenda Zanzibar inachukua kama saa moja tu, lakini kwa mfuko wetu tuliamua barabara. Moshi, Same, Korogwe, Segera, Chalinze, mvua inatushika na kutuacha njiani. Usiku tukalala kwa shemeji yangu Dar es Salaam, asubuhi ya Ijumaa tukawa bandarini.

Boti ziendazo kasi huchukua kama saa 2 kutoka Dar hadi Unguja. Saa ya kwanza ilikuwa poa. Saa ya pili bahari ikachafuka, na wahudumu wakaanza kupita wakigawa mifuko kwa tabasamu la watu waliozoea. Mume wangu, mwanaume anayepita na gari katikati ya mto wenye mamba, aligeuka rangi kama ndizi mbivu. Akanishika mkono, akaufinya, hakuuachia hadi tulipofunga gati. Nikahesabu kimoyomoyo ni lini mara ya mwisho alinishika mkono kwa muda mrefu hivyo. Sikukumbuka.

Mji ambao hauna haraka

Tulipotoka bandarini nilijiandaa kupambana na papasi, wale vijana wanaomganda mgeni kama kupe, "taxi, hoteli, spaisi tua?" Walikuwepo watatu, wamejikinga mvua chini ya paa. Mmoja akatuangalia, akaona tunaongea Kiswahili na mwavuli umegeuka nje ndani, akasema tu, "Poleni na safari." Akatuelekeza njia, bure.

Nyumba ya wageni tuliyopata iko ndani ndani ya vichochoro vya Shangani. Bei iliyobandikwa ukutani ilikuwa shilingi 180,000 kwa usiku. Kijana wa mapokezi alikuwa anasinzia. Tukaanza kuulizana bei, na kabla sijamaliza sentensi ya pili akasema, "Elfu 90, na chai ya asubuhi." Tukapewa chumba cha juu chenye kitanda cha samadari, kirefu hadi kinapandwa kwa ngazi, na ndoo ya plastiki kwenye kona. Ndoo ya nini? Tulijua usiku, dari lilipoanza kudondosha. Tii. Tii. Tii. Msomaji, sikufichi: masika sio picha za kalenda.

Lakini asubuhi yake tulipotoka nje nikaelewa kwa nini tumekuja. Mji Mkongwe, ambao Unesco iliuweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, ukiuona Desemba umejaa migongo ya watu na kamera. Mwishoni mwa Aprili unauona wenyewe. Kwenye njia zisizo na watalii unasikia mtoto anasoma Kurani madrasa, unasikia mtu anajaribu udi dirisha la juu, anakosea, anarudia palepale. Paka wamelala kwenye milango ya misumari ya shaba kama wao ndio wenye nyumba. Mvua ikija kubwa, vichochoro vinakuwa mifereji, na hapo ndipo nilipojua kazi nyingine ya baraza, zile kuta fupi za kukalia mbele ya nyumba. Watu wanapanda juu yake na kutembea, nyumba hadi nyumba, miguu haigusi maji. Tukafanya hivyo hivyo, mimi mbele yeye nyuma, kama watoto wanaotoka shule.

Kumbe hata wenzetu wa Ulaya wanalijua hili. Nice, lile jiji la pwani ya Mediterania huko Ufaransa ambalo leo watu hulikimbilia kiangazi, lilipata jina lake kwanza kama mji wa kwenda wakati wa baridi. Waingereza walihamia huko miezi ya baridi tangu karne ya 18, na Unesco ilipoliorodhesha mwaka 2021 ililiita hivyo hivyo, mji wa mapumziko ya majira ya baridi. Kwa hiyo msimu wa watu wengi na msimu mzuri sio lazima viwe kitu kimoja.

Upepo unapogeuka

Jioni ya Jumamosi, siku ya Muungano, tulikaa kwenye baraza la Jaws Corner, pale Soko Muhogo, tukinywa kahawa chungu kwenye vikombe vidogo na kashata. Mvua ilikuwa imepumzika. Mzee mmoja mwenye kofia ya kiua akatusogezea nafasi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mmetoka wapi?"

"Arusha."

"Arusha! Kwenye baridi. Na mmekuja masika."

Mume wangu akaanza kujitetea kwamba ndio wakati tuliopata. Mzee akacheka, akasema mji huu umezoea kuachwa. Akatueleza jambo ambalo nililisoma shuleni nikalisahau. Zamani majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yalikuja na upepo wa kaskazi, kuanzia kama Desemba. Wafanyabiashara na mabaharia wakajaa mjini, wakauza, wakanunua, wakangoja. Ilipofika Aprili upepo ukaanza kugeuka kuwa kusi, wakapandisha matanga kurudi kwao kabla kusi halijawa kali. Mji ukabaki na wenyewe, na mvua.

"Hawa wa jua twawauzia," akasema mzee. "Nyinyi wa mvua twakaa nanyi."

"Na wale mabaharia," nikauliza, "wake zao?"

Akanikazia macho akitabasamu. "Ah, mama. Baharia ana mke huku na ana mke kule. Huyu wako ni baharia?"

"Ni wa gari, mzee."

Wazee wote wa barazani wakacheka. Mume wangu naye akacheka, lakini niliona amekunja vidole vyake. Baada ya hapo tulitembea hadi Forodhani bila kusema kitu. Bustani ilikuwa na meza chache tu za chakula, taa zinayumba kwa upepo, na wauzaji ambao siku za msimu hawana muda hata wa kukusalimia wakawa wanatuonjesha bure. Tukala urojo wa moto tumesimama chini ya turubai. Ulikuwa mtamu kiasi kwamba tuliagiza tena, na ukimya ukapungua kidogo.

Nyumba na binti mfalme

Jumapili tulitembea kama watalii wa kweli. Kwanza Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, soko ambalo lilifungwa 1873. Nje kuna sanamu za watumwa shimoni zilizochongwa na Clara Sörnäs mwaka 1998, shingoni wana minyororo. Msimu wa watu wengi unapita hapo kwa foleni. Sisi tulikuwa peke yetu, maji ya mvua yakitiririka kwenye mabega ya sanamu. Hakuna aliyetoa simu kupiga picha.

Kisha tukashuka hadi Beit el-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, la kwanza Zanzibar kuwa na taa za umeme. Sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020, watu 2 wakafa. Tuliliangalia kwa nje, na mume wangu, ambaye hawezi kupita kwenye kitu bila kuuliza kimejengwaje, akapata wa kumuuliza: fundi mmoja aliyekuwa amejikinga mvua. Nyumba za Mji Mkongwe, fundi akasema, ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu boriti haivuki zaidi ya kama mita 3. Adui yake ni maji. Paa likivuja, chokaa inalika ndani kwa ndani na boriti inaoza, na nje ukuta bado unaonekana mzima.

"Kwa hiyo unajuaje kama nyumba inakufa?" mume wangu akauliza.

"Masika ndio yanakuonyesha. Kiangazi nyumba zote nzima."

Tukaangaliana. Sikusema kitu, wala yeye.

Jioni nilimsimulia hadithi ya Salme, binti wa Sultani Said, maana mume wangu alikuwa hajawahi kuisikia. Alizaliwa 1844, akapendana na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, aliyekuwa anakaa mjini humo. Akapata ujauzito. Mwaka 1866 alitoroka usiku kwa meli ya Kiingereza hadi Aden. Walioana huko 1867, wakahamia Hamburg. Mwaka 1870 mume akagongwa na tramu, akafa. Miaka 3 tu na miezi kadhaa ya ndoa, na Salme akabaki na watoto 3 wadogo kwenye nchi ya baridi ambayo sio yake. Aliishi hadi 1924. Kitabu cha maisha yake kilitoka 1886.

"Aliacha kila kitu kwa ajili ya miaka 3," mume wangu akasema.

"Hakujua kama ni 3."

Akanyamaza muda mrefu. "Sisi tangu 2018," akasema, "ukitoa siku nilizokuwa porini, tumeishi pamoja miaka mingapi?"

Tulijaribu kuhesabu kwa vidole, pale ukutani Forodhani, vijana wakiruka baharini kwa sarakasi ingawa mvua inanyesha. Tulipata miaka 2 na nusu hivi. Na sehemu kubwa ilikuwa Aprili na Mei.

Mwani unataka jua

Jumatatu tulipanda daladala kwenda Jambiani, pwani ya kusini mashariki. Hoteli kadhaa zilikuwa zimefunga milango, viti vya ufukweni vimepandishwa juu ya vingine. Ilikuwa bamvua na maji yamekupwa mbali sana, hivyo akina mama walikuwa huko ndani kwenye mashamba ya mwani, wameinama, kamba kwa kamba. Kilimo hiki kilianza vijiji hivi vya pwani ya mashariki mwishoni mwa miaka ya 1980, na wengi wanaokifanya ni wanawake.

Bibi mmoja alikuwa anarudi na gunia kichwani. Tukamwamkia, mume wangu akampokea mzigo, nusura aanguke nao kwa uzito. Bibi akacheka hadi akakaa chini.

"Bibi, na mvua hii mwani unaanikaje?"

"Ndio taabu yake, mwanangu. Mwani wataka jua. Ukinyeshewa umeshaharibika, hata bei hupati. Twaanika kidogo kidogo, wingu likija twakimbilia ndani."

"Kwa nini msiache hadi jua litoke?"

Aliniangalia kama ninavyomwangalia mtoto wangu anapouliza kwa nini tunaoga kila siku. "Kamba ukiziacha miezi miwili, mama, ukirudi huna shamba."

Usiku umeme ulipokatika

Usiku huo umeme ulikatika. Mwezi ulikuwa mwandamo, kwa hiyo giza lilikuwa giza kweli. Tulikaa kitandani, ndoo inadondokewa, tochi ya simu inaelekea ukutani. Nikasema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Ukikubali ile kazi, Aprili mwakani utakuwa wapi?"

"Kambini. Nasimamia mafundi."

"Na mimi?"

Kimya. Kisha akasema, "Mimi nilidhani wewe ndiye unayetaka nikubali."

"Mimi?"

"Januari. Siku LUKU ilipoisha. Ulisema wanaume wengine wana mshahara."

Mungu wangu. Nilikumbuka. Nilikuwa nimesema nikicheka, nimeshika mshumaa, hata sikuwa nafikiria. Yeye aliondoka kesho yake alfajiri kwenda Ndutu na maneno yale kifuani, akayabeba siku 9 akiendesha wageni, akarudi nayo, na hakuyatoa hadi usiku ule. Halafu akaniambia na mengine. Kwamba 2020, miezi ile nililipa kodi ya nyumba peke yangu, alikuwa anatoka asubuhi na kuzunguka soko la Kilombero bila shughuli yoyote, ili jirani wasimwone amekaa ndani mkewe ameenda kazini. Kwamba mgongo unamuuma kwa barabara za porini. Kwamba umri unakwenda na hajui akifika 50 nani atampa gari.

Mimi nikamwambia la kwangu. Kwamba aliposoma lile sharti la Aprili bila kupepesa macho, nilielewa kwamba amechoka kukaa na mimi na ametafuta njia ya heshima ya kuondoka.

"Mimi?" akasema, sauti ile ile niliyoitoa mimi.

Tuliongea hadi ndoo ikajaa ikamwagika. Kulikuwa na machozi, na kulikuwa na maneno ambayo hayatafika kwenye ukurasa huu. Lakini naweza kusema hivi: kama tungekuwa Zanzibar ya Desemba, kungekuwa na muziki, kungekuwa na marafiki wa kutoka Dar, kungekuwa na kitu cha kwenda kuangalia. Tungeshinda tunapiga picha nzuri na kurudi nyumbani na ukimya wetu mzima mzima.

Jibu

Jumanne asubuhi alipiga simu akiwa juu ya paa la ile nyumba, mabati na minara imetuzunguka. Aliwaambia anaitaka kazi, na anaomba jambo moja tu, likizo yake iwe Aprili. Waliahidi kumjibu.

Jumatano tukavuka kurudi Dar, Mei Mosi tukapanda basi la Arusha. Asubuhi ya Ijumaa niliamka Levolosi, nikafungua dirisha, na Mlima Meru ulikuwa wazi wote hadi kileleni. Nikasema hii ni ishara njema. Saa nne simu ikaita. Samahani, haiwezekani, ukarabati ndio kazi yenyewe.

Tulikuwa na siku 3 za kuamua na tulizitumia zote. Tarehe 5 aliwaandikia kuwashukuru na kukataa.

Sitakudanganya kwamba tulifanya jambo la busara kuliko yote. Bima ile ningeipenda sana. Kuna wiki mwezi Juni nilipiga hesabu za ada nikamkasirikia moyoni, halafu nikajikasirikia mwenyewe, maana uamuzi ulikuwa wetu wote wawili. Tulichobadilisha ni kidogo. Kila safari anayorudi, sehemu ya bakshishi inaingia kwenye kopo moja ambalo haliguswi hadi masika. Na neno la utani kuhusu hela, kabla ya safari, nimelipiga marufuku kinywani mwangu.

Ninapoandika haya yuko Kogatende, mtoni Mara, nyumbu wanavuka na wageni wamejaa. Mtandao wa simu huko ni wa kubahatisha. Jana usiku iliingia meseji moja tu: "Mama, ulizia bei za boti za Aprili. Na ile nyumba ya ndoo."

KAMA NA NYINYI MNATAKA KWENDA MASIKA

Muda: Masika kwa kawaida huanza mwishoni mwa Machi na kuendelea hadi Mei, na Aprili ndio yenye mvua nyingi zaidi. Mara nyingi hainyeshi siku nzima. Panga matembezi asubuhi na uwe tayari kubadilisha.

Malazi: Piga simu kwanza, kwa kuwa baadhi ya hoteli za ufukweni hufunga Aprili na Mei. Zilizo wazi hupunguza bei, ila lazima uombe. Omba pia kukiona chumba kabla ya kulipa, na uangalie dari!

Ramadhani: Hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Angalia kalenda. Ukikuta mwezi mtukufu, usile wala kunywa hadharani mchana, na ufurahie futari jioni.

Boti: Beba kitambulisho cha kukatia tiketi. Kula kidogo kabla ya kupanda, kaa katikati ya boti, na uwe na tangawizi ya kutafuna.

Mavazi: Mji Mkongwe ni mji wa watu wenye dini. Mabega na magoti yafunikwe. Beba viatu visivyoteleza, maana vichochoro vikilowa ni kama sabuni.

Usitegemee: Maji ya kioo ya kuzamia, safari za pomboo kila siku, wala jua la kuoka ngozi.

Beba: Mwavuli imara, tochi, betri ya akiba ya simu, na lile jambo ambalo mmekuwa mkiliahirisha kuliongea.